Chungu cha Zambarau

Zipu ilikuwa imefungwa. Hilo ndilo lililomkera Inspekta Sindano kabla hajamuuliza mtu swali hata moja.

Kwa miaka kumi na tisa ya kuwinda wachomoaji, alikuwa ameona mikoba iliyochanwa kwa wembe, mikoba iliyogeuzwa ndani nje, na mkoba mmoja uliobaki kamba tu shingoni mwa mwenyewe, naye akiendelea kutembea nao kwa maringo. Lakini mwizi anayeiba, akafunga zipu, akaenda zake bila kugusa noti? Huyo alikuwa hajamwona. Wezi aliowajua yeye hawakulelewa vizuri kiasi hicho.

Mkoba wenyewe, wa ngozi, wa kufungwa kiunoni, ulikuwa mezani katika kituo kidogo cha polisi wa watalii, mkabala na Nyumba ya Samaki. Ndani yake mlikuwa na pasipoti tatu, tiketi nne za ndege, noti zilizobanwa kwa mpira, miwani ya kusomea na kalamu mbili za wino. Kilichokosekana kilikuwa kimoja tu: pasipoti ya mtoto wa miaka minne.

"Ndege yetu ni saa moja jioni," mama wa mtoto alisema kwa mara ya tatu. "Saa kumi tuwe uwanjani. Na sasa hivi ni saa saba unusu, afande."

"Saa ninaiona, dada. Hebu nianzie mwanzo."

Mwanzo ulikuwa mfupi. Familia ilitoka nchi ya pili kutoka hapa. Lugha ile ile, matusi tofauti kidogo. Walikuwa wamekuja kwa siku nne, na hii ilikuwa siku ya mwisho, ya kutembeza macho mjini. Asubuhi walipanda Mnara wa Saa. Wakavuka Daraja la Zamani kwa miguu. Wakaingia Makumbusho. Walipotoka wakapiga picha kwenye ngazi, kisha wakaja Nyumba ya Samaki kumwonyesha mtoto papa. Dirishani, mkata tiketi akasema watoto chini ya miaka mitano huingia bure, ila aone hati. Babu wa mtoto akafungua mkoba, akahesabu pasipoti. Akahesabu tena. Tatu hazikukubali kuwa nne.

Hapo baba wa mtoto akageuka, akamwona mpigapicha wa kwenye ngazi anakuja nyuma yao na picha zao mkononi. Hakuuliza. Alimkamata ukosi akamleta kituoni akiwa amening'inia kama koti lililofuliwa.

Jina la kweli la inspekta lilitumika kwenye orodha ya mishahara tu. Waliomwita Sindano walikuwa na sababu mbili: alikuwa mwembamba, na alipoingia mahali hakutoka bila uzi. Sasa aliwatazama wote waliokaa kwenye benchi, mmoja mmoja, kama mtu anayechagua nyanya sokoni akijua kuna moja iliyooza.

Baba wa mtoto: fundi wa majokofu, mikono minene, jasho jingi kuliko joto lililokuwepo. Mama wa mtoto: mkunga, macho makavu, mtu aliyezoea dharura. Babu, yaani baba wa huyo mama: koti limefungwa vifungo vyote, kofia ya pama ya kijivu kichwani, mgongo wima kama rula. Alikuwa karani mkuu mstaafu wa ofisi ya pasipoti ya kwao. Na mtoto mwenyewe, waliyemwita Kifaranga, amekaa kimya pajani mwa babu yake, ngumi zimefumbwa.

Pembeni kabisa, peke yake, mpigapicha. Ngazi nzima ya Makumbusho ilimwita Cheka Kidogo, kwa sababu ndivyo alivyowaambia wateja wake tangu asubuhi hadi jioni.

"Pasipoti ya mtoto," Inspekta alimnong'oneza Sajini Kalamu, msaidizi wake, "ina soko lake. Watoto wa miaka minne hufanana pichani. Kuna watu huvusha mipakani watoto wasio wao."

Sajini, mtu mzito wa mwili na mwepesi wa kuandika, aliacha kutafuna. "Basi hapa hapana mchezo."

"Hapana. Nenda Makumbusho. Uliza, tazama, urudi. Usipite kwa muuza maandazi."

"Nitapitia nje yake tu, afande."

Inspekta alianza na Cheka Kidogo, chumba cha ndani, mlango umefungwa.

"Kaa."

"Nimekaa, afande."

"Kaa vizuri. Ulimgusa yule mzee?"

"Nilimsogeza. Bega tu. Kivuli cha kofia kilikuwa kimemla uso. Nikamwambia, mzee, vua kofia ukoo wako ukuone. Akakataa. Nikamsogeza juani."

"Kiunoni hukumgusa?"

"Kiuno cha mzee wa watu nakitafutia nini?"

"Nakuuliza mimi, hunijibu kwa swali."

"Sikumgusa kiunoni, afande."

Inspekta alifungua jalada. Halikuwa jembamba. "Una malalamiko mawili humu. La kwanza, mgeni mmoja alidai ulimtoa mnene."

"Alikuwa mnene, afande. Kamera haina adabu, lakini haisingizii."

"La pili, saa ya mkononi ilipotea wakati unampanga mteja."

"Ikapatikana hotelini kwake, chini ya mto." Sauti yake haikuwa tena na utani. "Mlinipa pole. Lakini lalamiko halikufutwa. Malalamiko ya hapa kwenu yana mlango wa kuingilia tu."

Hilo lilimchoma Sindano, naye hakupenda kuchomwa kwa kazi yake mwenyewe. Lilikuwa kweli. Aliyeandika mistari ile alikuwa yeye.

"Likiingia la tatu?" aliuliza, ingawa alijua.

"Kibali kinachukuliwa siku hiyo hiyo. Ngazi zile ndizo shamba langu, afande. Nyumbani kuna midomo minne inayonisubiri nivune. Wekeni la tatu, mtakuwa mmefunga nyumba nzima."

Alimpekua. Kamera, mashine ndogo ya kuchapia picha, bazoka mbili za kutafuna, kitambaa cha kufutia lenzi. Pasipoti haikuwepo. Hilo halikumsafisha. Mchomoaji mwenye akili hakai na mali dakika mbili. Humpa mwenzake, naye mwenzake humpa mwingine, na kufikia saa ya chakula mali imekwisha vuka mto. Inspekta alimwamini nusu, na ile nusu nyingine akaiweka mfukoni.

"Lete picha ulizowapiga."

Zilikuwa nne, zote za kwenye ngazi. Baba wa mtoto ametabasamu kwa meno ya mbele tu. Mama ameshika chupa ya maji. Kifaranga ameficha mkono nyuma. Babu amesimama wima, kofia kichwani, uso umekatika nusu kwa kivuli. Mkoba uko kiunoni. Zipu imefungwa.

Ikawa zamu ya fundi wa majokofu.

"Ndani ya Makumbusho ulikuwa na familia yako muda wote?"

"Muda wote." Alijifuta shingo. "Isipokuwa nilipokwenda chooni. Foleni ilikuwa ndefu, karibu robo saa."

"Foleni ya chooni."

"Ndiyo."

"Ya wanaume."

"Ndiyo, afande. Wanaume nao hujisaidia."

Mlango uligongwa, Sajini Kalamu akaingiza kichwa, na makombo ya maandazi kwenye masharubu. Inspekta alitoka, akasikiliza, akarudi. Hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti cha yule mwanamume, mahali ambapo watu wengi hawapendi kusimamiwa.

"Vyoo vya Makumbusho vimefungwa tangu juzi, fundi. Bomba limepasuka. Kuna kamba na tangazo mlangoni. Ile foleni yako ilikuwa inangoja nini?"

Jasho lilishuka kutoka sikioni hadi kwenye ukosi.

"Nakusubiri. Baba anayedanganya siku pasipoti ya mwanawe imepotea, mimi nina kisanduku chake kwenye fomu yangu. Ulikwenda kukutana na nani?"

"Sikukutana na mtu!"

"Nani aliipokea?"

"Hakuna aliyepokea kitu! Mimi..." Aliutazama mlango kana kwamba mkewe alikuwa kitasa. "Nilikuwa nyuma ya jengo. Navuta sigara. Mke wangu anajua niliacha mwaka jana. Nakuomba, afande, kama una ndugu, usimwambie."

Alitoa ushahidi mwenyewe, pakiti iliyokunjwa ndani ya soksi. Inspekta aliinusa, akairudisha. Kumbe mtu anaweza kutokwa na jasho la mtuhumiwa wa biashara ya watoto kwa ajili ya sigara mbili. Alimwandika kwenye karatasi yake, akamchorea mstari juu, lakini wa penseli.

"Nani alishika pasipoti safari nzima?"

"Mzee." Fundi alicheka bila furaha. "Mimi ningezishikaje? Mimi ndiye mkwe asiyejua funguo zake zilipo. Siku ya kwanza alizikusanya zote. Alisema pasipoti si karanga, kila mtu ashike zake. Miaka kumi nimeoa kwake, afande, miaka kumi nakula chakula cha Jumapili na hadithi ya muhuri."

"Hadithi gani?"

"Muulize mwenyewe. Anaisimulia vizuri kuliko mimi."

Mkunga alijibu maswali kama anayesoma chati ya mgonjwa. Walifika Makumbusho saa nne na nusu. Saa tano na robo mumewe alikwenda chooni.

"Chooni," Inspekta alisema.

"Kuvuta sigara," alisema mkunga. "Mimi nafanya kazi ya pua na masikio, afande. Hilo tutaliongea nyumbani. Mimi nilikwenda foleni ya maji. Baba alibaki na Kifaranga ukumbi wa vyungu, karibu na mlango wa kutokea."

"Wawili peke yao."

"Na mtu mwingine nani? Ni babu yake."

"Sijasema kitu, dada. Hicho ni nini?"

Mkunga alikuwa ametoa kitabu chembamba cha jalada la manjano, akitafuta leso chini yake. "Kitabu cha mihuri. Huwapa watoto pale mnarani. Kila mnapotembelea kuna meza yenye muhuri na wino, mtoto anagonga kwenye kisanduku chake. Vikijaa vinne anapewa beji."

Inspekta alikifungua. Kisanduku cha Mnara wa Saa kilikuwa na saa ya buluu. Cha Daraja kilikuwa na tao la kijani, mara mbili, moja juu ya jingine.

"Lile la kwanza lilififia," mkunga alieleza. "Alilia mpaka watu wakadhani tunamtupa mtoni. Ikabidi arudie."

Cha Nyumba ya Samaki kilikuwa kitupu, na sababu yake ilijulikana. Cha Makumbusho nacho kilikuwa kitupu.

"Makumbusho hakugonga?"

"Kitabu nilikuwa nacho mimi, foleni ya maji. Niliporudi, baba alikuwa mlangoni tayari, anasema twendeni, tunachelewa."

"Na Kifaranga alilia?"

Mkunga alikitazama kile kisanduku kitupu. "Ajabu," alisema taratibu. "Hakulia."

Mtoto aliyeliza daraja zima kwa ajili ya muhuri uliofifia, amepitwa na muhuri mzima na akakaa kimya. Inspekta alikuwa na wapwa saba. Aliwajua. Mtoto wa miaka minne halii kwa kitu alichokosa ikiwa tu hakukikosa.

"Una picha za asubuhi kwenye simu?"

Zilikuwepo. Mnarani, babu amesimama wima, kofia ameishika kifuani. Darajani, kofia kifuani, upara unang'aa kama kikaango. Inspekta aliweka simu kando ya picha za kwenye ngazi.

"Mzee ana kawaida ya kuvua kofia akipigwa picha?"

"Hawezi kupigwa nayo!" Kwa mara ya kwanza mkunga alicheka. "Miaka thelathini na sita ofisini, amewarudisha watu majumbani kwa ajili ya kofia. Hata siku ya harusi yangu aliwavua wapigaji ngoma. Anasema picha rasmi..."

Macho yake yalikuwa yametua kwenye picha ya ngazi.

"Naomba uniletee Kifaranga kidogo," Inspekta alisema kwa upole. "Na wewe ukae hapa hapa."

Mtoto aliwekwa juu ya meza, miguu ikining'inia. Inspekta alivuta kiti hadi macho yao yakawa sawa.

"Shikamoo hunipi?"

"Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimeambiwa wewe ni bingwa wa mihuri. Buluu unayo, kijani unayo. Makumbusho kuna rangi gani?"

Kifaranga alimtazama mama yake. Kisha akautazama mlango, ambao nyuma yake babu alikuwa amekaa. Kisha akaziba mdomo kwa mikono miwili, kwa nguvu, kama anayezuia ndege asitoke.

Ngumi zilikuwa zimefunguka. Kidole gumba cha kulia kilikuwa cha zambarau mpaka kwenye kucha.

Sajini Kalamu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alichomoa karatasi kutoka kwenye daftari lake. "Afande, na mimi niligonga yangu pale. Kwa ajili ya uchunguzi." Alikuwa mwekundu masikioni. Katikati ya karatasi kulikuwa na chungu kidogo chenye tarehe ya leo. Cha zambarau. "Na pale mezani kuna tangazo dogo, chini kabisa ya kidau cha wino. Lazima ukiinue ndipo ulione."

"Linasemaje?"

Alimsomea. Inspekta alishusha pumzi ndefu.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila hawakutaja nguo gani. Angeweza kutoka pale na kuinyanyua kofia ya mzee kwa vidole viwili. Lakini kofia ya mzee mbele ya mkwe wake si kitu cha kupokonya. Tena pasipoti ikitolewa kwa nguvu, sababu hubaki ndani, na kesi isiyo na sababu humrudia polisi usingizini.

Alikuwa na njia nyingine. Alikaa, akavuta karatasi, akaandika.

Mzee aliingia bila kusaidiwa. Alipoketi, hakuegemea. Inspekta aliona alivyogeuza shingo: taratibu, kichwa kizima pamoja na kofia, kama mama aliyebeba ndoo iliyojaa.

"Pole na joto, mzee. Kofia tuitundike pale?"

"Sina shida nayo, mwanangu."

"Haya. Sitakuchosha. Mkweo amemtaja yule mpigapicha, na wewe ndiye uliyekuwa na mkoba. Nimekuandikia maelezo. Yasome. Ukiona ni ya kweli, weka sahihi. Nitagonga muhuri wa kituo, naye atakwenda mahabusu. Kibali chake kitafutwa leo."

Alisukuma karatasi. Kando yake akaweka mkoba, muhuri wa kituo na kidau cha wino. Kalamu hakutoa, mzee alikuwa na zake mbili.

Karani mkuu mstaafu alivaa miwani. Alisoma kama watu wa kazi yake wanavyosoma, kidole kikifuata mstari. *Mimi niliyetajwa hapo juu ninathibitisha kwamba pasipoti ya mjukuu wangu iliibwa mkobani mwangu kwenye ngazi za Makumbusho, na kwamba simshuku mtu mwingine isipokuwa mpigapicha.* Alisoma hadi mwisho. Akarudi juu. Akasoma tena.

Nje, Kifaranga aliuliza kitu, na sauti ya Cheka Kidogo ikamjibu, na mtoto akacheka.

"Kuna kosa humu," mzee alisema.

"La herufi?"

"Hapana."

"Niambie lilipo nilirekebishe, mzee. Saa nane na dakika ishirini hii. Ndege haimsubiri mtu."

Mzee alirudisha kidole kwenye mstari wa kwanza. "Kosa liko..." Alikohoa. "Liko kote."

Kuna wakati sindano hutulia, kitambaa kikajishona chenyewe.

"Miaka thelathini na sita," mzee alisema, "sijaweka mkono wangu kwenye karatasi ya uongo. Waliniletea mbuzi. Waliniletea wakubwa. Sikuweka."

Akainua mikono yote miwili, akavua kofia. Alichomoa kitu kutoka ndani ya utepe wake wa jasho, akakiweka mezani kikiwa kimejipinda kwa umbo la kichwa chake. Pasipoti ndogo, mpya. Inspekta aliifungua. Ukurasa wa tano, katikati kabisa, chungu cha zambarau. Na chini ya chungu, alama ya kidole gumba kidogo.

"Hiki ndicho kielelezo," alisema. "Sasa nipe sababu."

"Alikuwa anaanza kulia. Kitabu kilikuwa kwa mama yake. Nikamwambia, subiri, mama anakuja. Akasema, babu, gonga kwenye kitabu changu kile kingine, chenye sura yangu." Mzee aliutazama muhuri wa kituo. "Mwanangu, nimestaafu mwaka wa kumi na moja huu. Sijashika muhuri tangu siku waliyonipa saa ya ukutani. Ule wa pale mezani una mpini wa mti. Kama wangu. Nikaushika tu nione uzito wake. Mkono wa kushoto ukafungua ukurasa, wa kulia ukagonga. Ndivyo ulivyofanya mara mia kwa siku. Mkono ulikumbuka kabla ya kichwa."

"Halafu ukainua kidau."

"Nikainua kidau kukirudisha mahali pake, nikaona tangazo." Alilijua kwa moyo, neno kwa neno, kama Sajini alivyolisoma. "*Tafadhali usigonge muhuri huu kwenye pasipoti. Itakataliwa uwanja wa ndege.*"

"Kwa nini hukumwambia binti yako pale pale?"

Mzee aliigeuza kofia mikononi, mzunguko mzima, kabla hajajibu.

"Palikuwa na kijana ofisini kwangu. Mwaka wake wa kwanza. Aligonga ukurasa usio wake, pasipoti ya mtu ikaharibika. Moja tu. Akapiga magoti mbele ya meza yangu, akasema mkewe ana wiki mbili tangu ajifungue. Nikamjibu: muhuri hauna msamaha. Nikaandika barua, akafukuzwa. Na maneno yale nikayapenda. Nimeyasema kila Jumapili mezani kwangu, mkwe wangu akisahau chumvi, mkwe wangu akichelewa, mkwe wangu akipoteza funguo. Muhuri hauna msamaha." Aliinua macho. "Ningekaa wapi kwenye meza ile?"

"Kwa hiyo ikapotea."

"Pasipoti iliyopotea hutolewa hati ya dharura. Pasipoti iliyoharibiwa huulizwa nani kaiharibu. Hilo nalijua, fomu zake nilizitunga mimi."

"Na yule kijana wa kamera? Yeye ulimtungia fomu gani?"

"Sikumtaja! Mkwe wangu alikuwa na mbio kuliko ulimi wangu."

"Hiyo ni dakika ya kwanza, mzee. Umekaa naye benchi moja saa nzima."

Sauti ya mzee ilikuwa ya mtu aliyevuliwa zaidi ya kofia. "Baada ya dakika ya kwanza, ulimi ulikuwa umezoea."

Inspekta alifungua mlango na kuwaita wote. Hakueleza chochote. Aliiweka pasipoti mezani ikiwa wazi, na mzee, amesimama, akaeleza mwenyewe, kifupi, bila kujipunguzia. Mkunga alijishika kiuno. Sajini aliangalia dari.

Fundi wa majokofu alisogea. Aliinua pasipoti, akaileta karibu na macho. Miaka kumi ya Jumapili ilikuwa inapita usoni mwake moja moja, na kila mtu chumbani aliziona. Mzee aliinamisha kichwa kusubiri.

"Lakini muhuri umenyooka, baba," fundi alisema hatimaye. "Lazima tuseme ukweli. Umekaa katikati kabisa."

Mkunga alianza kucheka, akalia, akamaliza kwa kucheka. Kisha akachukua simu, akapigia ubalozi kwa sauti ile anayowaamrishia waume wa watu watoke wodini. Hati ya dharura, kesho saa tatu asubuhi. Ndege ya leo iende salama.

"Na wewe," alimwambia mumewe akikata simu, "kuna pakiti kwenye soksi yako."

Cheka Kidogo hakucheka hata kidogo. Mzee alikwenda mbele yake, akainama, akamwomba radhi, naye akaipokea kwa kichwa. Lakini hakuondoka.

"Nimekusamehe, mzee wangu. Wewe ni sawa na baba. Ila maneno hupeperuka. Watu wa vibali hawasikii, wanasoma. Nataka karatasi." Alimgeukia Inspekta. "Na ya ile saa ya chini ya mto pia, afande. Zote mbili."

Inspekta alitaka kusema hiyo ya pili itafute siku nyingine. Akaona jalada mezani, na mwandiko wake mwenyewe. "Zote mbili," alisema.

Mzee aliomba karatasi safi. Aliandika kwa kalamu yake, akiacha pambizo ya vidole viwili, bila kufuta hata nukta: nani alishika mkoba, nani alishika muhuri, nani aliyenyamaza, na nani asiye na hatia. Inspekta aliandika ya kwake chini yake; pambizo zake hazikuwa nzuri hivyo. Kisha akachukua muhuri wa kituo, akaupigia wino, akagonga kwa haraka ya mtu ambaye hajala mchana.

Mzee alinyoosha shingo. Alijizuia. Hakuweza.

"Umepinda kidogo, mwanangu," alinong'ona.

Inspekta alipuliza wino ukauke, akampa Cheka Kidogo karatasi yake.

"Utasomeka tu, mzee."